Baada ya Kengele

Saa kumi na robo, Kariobangi Kusini.
Wenzetu wameshika njia; sisi saba wa klabu ya umeme
tumebaki maabara, na redio ya kina Nekoye
iliyokaa bubu tangu mafuriko.

Mwalimu Barasa hagusi kitu.
"Waya huo unaenda wapi?" Basi.
Lehemu inayeyuka, inafuka; Nekoye anapuliza vidole.

Nje, Mutiso bawabu anatikisa funguo:
geti, watoto, geti!

Kisha mkwaruzo. Kisha mtu, kwa Kikamba,
anasoma matangazo ya vifo,
nasi tunashangilia, tunaruka, tunapiga meza

mpaka tunamwona Mutiso mlangoni,
kofia mkononi,
funguo kimya.

"Ongezeni sauti kidogo," anasema.
"Huko ni kwetu."