Herufi Tano

Mchonga mawe wa Olot anauliza: niandike nani?
Cheti kinasema Remedios.
Karani wa mwaka arubaini na tatu
alilinyoosha jina kwa wino wa serikali,
akamwambia baba mtu: "Hapa tunasema Kikristo."
Baba akavua kofia, akatia sahihi.

Lakini jikoni, mlango ukishafungwa,
alikuwa Remei.
Remei, mkate unaungua.
Remei, sugua nyanya hadi libaki ganda.
Remei, taratibu, jirani ana masikio.

Shuleni alizabwa kofi kwa kuliita dirisha
kama mama yake alivyoliita;
tangu hapo akawa anachungulia nje bila kutaja kitu.
Kiwandani alihesabu soksi kimoyomoyo,
kwa Kikatalani, jozi kwa jozi,
na hakuna msimamizi aliyewahi kukagua hesabu ile.

Nami Eudald, mjukuu, nalipa kwa herufi.
Tano tu, namwambia.
"Tano? Utaokoa pesa."
Sijibu. Zile tatu za ziada
bibi alizibeba miaka themanini.

Jiwe ni jeusi, la volkano, gumu.
Mzee anapenga kamasi, anatema vumbi,
anaanza na R.