Ile Niliyoisugua

Rupia tatu za Mdachi, fedha tupu,
zilikaa miaka mia
ndani ya kibuyu cha samli, cha bibi Sechelela na mamaye kabla yake,
zimefungwa kipande cha kaniki.

Moshi wa jiko ukazijia polepole:
ukingoni buluu ya shingo ya njiwa,
katikati zambarau,
na doa moja jekundu, kama udongo wa Mvumi baada ya mvua.

Mimi ni mtu wa mnada wa Msalato.
Jumamosi nauza mbuzi, na mbuzi huogeshwa,
kwato hufutwa, pembe hupakwa mafuta.
Basi usiku wa kuamkia safari ya mjini
nikachukua majivu na ndimu,
nikaisugua moja
hadi ikang'aa kama sufuria ya harusi.

Dalali Chidawali akaigeuza, akavua miwani.
"Hii umeiua," akasema,
taratibu, kama anayeleta habari za msiba.

Ukumbini hapakuwa na vumbi wala mluzi.
Watu walinunua kwa kidole.
Zile mbili zenye madoa zikapanda,
laki, milioni, zikapanda tena,
nikasahau kumeza mate.
Ile safi nikarudi nayo.

Bati limepatikana. Ada ya Mlewa pia.
Ila jioni naitoa mfukoni, nyeupe pe,
naipumulia,
nangoja.

Miaka mia si mingi, nikianza leo.
Kibuyu ninacho.
Samli nimeshanunua.