Nukta ya Penseli

Haikuwamo katika kanuni za kiwanda.
Hakuna aliyeiandika, hakuna aliyeitia sahihi.
Niliikuta mezani siku yangu ya kwanza
kama mpangaji anavyoikuta harufu ya nyumba:
nukta ndogo ya penseli, juu, pembeni, kulia,
kwenye barua ya kila mwombaji
aliyetoka mtaa wa Waroma, ng'ambo ya reli.

"Penseli, Otília," alisema Bwana Hudák,
"wino ni shahidi."
Akacheka. Nami nikacheka,
maana nilikuwa mgeni, na mshahara ulikuwa mzuri,
na kicheko hakikatwi kodi.

Miaka tisa nimechonga penseli.
Niliyajua majina ya koo zao
kama mchuuzi aijuavyo sarafu bandia kwa mlio:
Čonka, nukta. Bandy, nukta. Gunár, nukta.
Kwenye simu sauti yangu ilikuwa asali:
nafasi ipo, mama, njoo na vyeti.
Akifika, nikamwona uso,
asali inaganda:
pole, imejazwa asubuhi hii.
Ilijazwa kila asubuhi, nafasi ile,
na kila jioni ilikuwa wazi.

Wewe ulikuja mara nne, Jolana.
Mara ya kwanza theluji ilikufika magotini,
cheti chako cha uokaji umekifunga kwenye mfuko wa sukari.
Mara ya pili ulileta na barua ya mwalimu wako.
Mara ya tatu siikumbuki. Nimejaribu.
Mara ya nne hukuomba kitu.
Ulisimama mbele ya kaunta, ukauliza:
"Hiyo nukta ni ya nini?"
Kumbe ulikuwa umeisoma kichwa chini miguu juu,
kupitia kioo, miezi yote hiyo.

Ningeweza kukwambia kweli.
Nikasema: ni uchafu wa karatasi.
Ukasema: "Basi futa."

Watu hupenda kusikia kwamba dhamiri hunguruma.
Yangu ilikuwa kifutio chenye umbo la sungura,
cha binti yangu, kilichosahauliwa mkobani.
Ulipotoka nilikaa na barua thelathini na moja
nikafuta. Mkono ulitetemeka, na si kwa ushujaa:
nilikuwa nikiuogopa mlango.
Vumbi la nukta liliniangukia sketini,
nikalikung'uta kapuni.
Halikujaza hata kijiko cha chai.

Wiki ile Hudák aliita watu kumi na wawili,
akivisoma vyeti kama vilivyo, bila kujua.
Watano walikuwa wa ng'ambo ya reli.
Alipowaona, akawabakiza wawili.
Sitasema tulishinda.
Wawili si watano,
na zamu mliyopewa ni ya usiku,
saa ambazo basi halivuki reli.

Lakini saa kumi alfajiri
unachomoa trei tanurini, mikono imeiva kwa joto,
na mikate ile inakwenda shuleni, hospitalini,
inakwenda hadi mezani kwa Hudák mwenyewe,
anaipasua, anaipaka siagi,
wala haulizi imekandwa na nani.

Jana nilikukuta getini ukivua kofia, nywele zina unga.
Nikafungua mdomo niseme, sijui,
kwamba ni mimi niliyefuta,
kwamba ni mimi niliyekuwa nikiweka.
Ukaniwahi:
"Kabati langu halina kufuli. Ya wenzangu yanazo.
Na nyongeza ya zamu ya usiku, iliyo kwenye sheria,
mwezi wa tatu huu sijaiona.
Mambo hayo anayaandika nani?"

Nilitafuta asali kooni, sikuipata.
Nikakuvutia kiti, upande wangu wa kioo.
Nikachukua karatasi safi,
nikaisukuma penseli kando,
nikaanza kupekua droo
kutafuta kalamu ya wino.