Daktari wa Maji ya Chumvi

Wiki ya kwanza niliporudi Langoni
walikuja watu saba.
Bwana Kupi na kikohozi chake cha miaka,
mke wa Lali na mtoto mwenye choa kichwani,
na kijana mmoja, hakutaja jina,
aliyenong'ona mlangoni mpaka nikaona haya kwa niaba yake.
"Si tumeambiwa daktari amerudi?"
Amerudi, naam. Lakini daktari wa visima,
wa maji yapitayo chini ya mchanga bila kubisha hodi,
wa namba zinazojaribu kuyafuata.
Mke wa Lali akanitazama, akamtazama mtoto.
"Miaka saba," alisema, "na dawa ya choa huijui."

Saba na miezi minne, kama tunahesabu.
Mwaka wa tatu msimamizi wangu alihamia Norwe,
akaniachia barua pepe ya mistari miwili
na shada la funguo zisizofungua kitu.
Mwaka wa nne ufadhili ulikatika.
Kekee za mama ziliingia kwa sonara
zikatoka zimekuwa kodi ya chumba na kompyuta ya mtumba
iliyonguruma kama kinu cha kusaga.
Programu yangu ilitaka siku kumi na moja
kukokotoa kisima kimoja, kiangazi kimoja.
Siku ya tisa, umeme ukakatika.
Sikulia. Nilikula mkate mkavu gizani,
wote, hadi chengachenga,
ulipowaka nikaanza tena siku ya kwanza.

Maabarani tulikuwa wanne.
Wanjala yuko benki, Nairobi,
anawinda wezi ndani ya safu za tarakimu;
ana gari, ana vidonda vya tumbo.
Chebet yuko Ujerumani, breki za treni.
Aliniandikia kwamba huko pia wanamwita daktari
na hakuna anayemletea kikohozi,
na kwamba anavitamani.
Famau hakumaliza. Aliishia sura ya pili,
akafunika kazi yake baada ya alasiri
kama mtu anayefunga duka,
na leo ndiye mfungaji wa pampu za sola
kutoka Mokowe hadi Kizingitini.
Tukikutana njiani huniita "Dokta!" kwa sauti ya juu;
sijui ni heshima, sijui ni pilipili.
Mimi niliomba kazi kumi na tisa.
Wengi hawakujibu. Mmoja alijibu kwa upole:
nimesoma kupita kimo cha meza waliyo nayo.

Basi nina mkataba wa miezi sita, na sita tena,
napima chumvi visimani, nyuma ya vilima vya Shela.
Kipimo nilichokiunda kwa mikono yangu
kilishika kutu mwezi wa pili.
Nimerudia chupa, uzi na daftari.
Punda wananipita wamebeba matofali
ya hoteli ambayo nayo itataka kisima.

Jumanne alikuja Bi Khuleta.
Nikajua ni goti, nikatayarisha samahani yangu.
Hakukaa. Alitoa chini ya buibui
kikombe cha kahawa, kimejaa, hakijamwagika tone.
"Onda," akasema.
Nikaonja. Ukurasa wa mia na arobaini na tatu
wote ulikuwa ulimini mwangu.
"Kuwa yana munyu, hilo nalijua," akasema.
"Nambia, mwanangu: tutimbe wapi?"

Watahini walikuwa watano.
Waliuliza kuhusu mlinganyo wa sura ya nne,
waliuliza mbona sampuli ni chache,
mmoja aliuliza kuhusu mkato, ukurasa wa tisa.
Hilo hakuna aliyeliuliza.

Nilifungua mdomo, nikaufunga.
Kompyuta ilikuwa mezani, na vumbi lake.
"Nipe siku kumi na moja," nilisema. "Umeme ukikubali."
Akakitua kikombe juu ya tasnifu,
pale kwenye herufi za dhahabu, kikaacha duara la maji.
"Takuya kukitukua."
Akashuka ngazi moja moja, mkono ukutani,
akichechemea. Goti hakulitaja.