Siafu wa Uru

Siafu walipita usiku bandani kwa mama.
Asubuhi tukamkuta kuku kishingo juu ya mayai yake,
manyoya na mifupa. Hakuwa ameinuka.

Kaka yangu Ndelilio, msoma vinasaba
kwenye maabara ya kahawa kule Lyamungo,
akachuchumaa, akahesabu maganda.
"Si ajabu. Jeni ndiye mwenye nyumba,
kuku ni banda tu."
Na siafu je?
"Kibarua asiyezaa humfia malkia
maana damu ni moja. Yeye huoza,
herufi zake zinaendelea na safari."

Nilikuwa na jembe. Sikumjibu.
Nikashuka mferejini, maji yanapokata kihamba.
Walikuwa wameshikana miguu, wamefanya daraja
la miili yao, linalopumua,
wenzao wakipita juu na vipande vya vifaranga.
Nikamtoa mmoja kwa kijiti, nikamweka juu ya jiwe.
Akazunguka. Akazunguka tena.
Nikamkagua kama atafutaye sarafu kwenye pindo la kanga:
hamna daraja, hamna njia,
hamna hata kushoto.
Sasa daraja lilikaa wapi?

"Kwenye jeni," kaka akasema nyuma yangu.
"Kila mmoja amezaliwa na amri: ukikanyagwa, tulia."
Kutulia si daraja, nikamwambia.
Mpaka awepo wa kukukanyaga.
Mpaka kuwe na maji.

Akacheka, akanielekeza kwenye migomba,
isiyo na mbegu, chipukizi kwa chipukizi,
herufi zilezile tangu kwa babu wa babu.
Nami nikamwonyesha ule wa jikoni,
unaokunywa majivu na maji ya vyombo:
mkungu wake hunyanyuliwa na watu wawili.
Pacha wake kule mteremkoni
umekunjamana kama mwavuli uliovunjika.
Mgomba changaraweni, kaka, haupandwi ukamea.

"Hilo ni shamba," akasema. "Shamba halirithiwi."

Halirithiwi?
Tumbo moja, Ndelilio, baba mmoja,
nusu ya herufi zangu ni zako,
na hati ya kihamba hiki
ina jina la nani?

Akaokota ganda, akaligeuzageuza.
Mama alikuwa anachoma manyoya, moshi unatujia sisi.

Nilipotazama tena jiweni, siafu hakuwepo.
Ama aliiona njia,
ama njia ilikuja kumchukua.