Kinanda cha Shangazi Hendrikje

Shangazi ameniachia kinanda cha umeme:
safu mbili za vibonye, pedali kumi na tatu,
mbao ya mjozi (wa kubandika, si wa msitu)
na uzito wa ng'ombe aliyekataa kuinuka.

Alikinunua mwaka sabini na nne,
hapa hapa Hoogeveen, gulda elfu sita na mia nane.
Kwa kiasi hicho jirani yake, Wubbo Kalsbeek, alinunua gari.
Gari likaota kutu, likasagwa, likasahauliwa.
Kinanda hakikuota hata kutu.
Ndiyo shida yake.

Nikakipiga picha za mbele na za ubavu,
saa sita, ili mwanga umeze mikwaruzo ya paka.
Nikaandika: Yuro mia nne na hamsini. Kizima.
Mmiliki mmoja tu, mcha Mungu.
Kimya.
Mia mbili. Kimya.
Hamsini: mtu akauliza kama kigoda huuzwa peke yake.
Bure, njoo na wanaume wanne:
akaja mmoja, na ndala,
akakitazama kama mgonjwa atazamavyo ngazi,
akanywa kahawa yangu, akaenda zake.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Na hiki kisicho na miguu ya kujitembeza?

Duka la mitumba la kanisa walinicheka kwa upole:
"Dada, tunavyo vitano huko nyuma.
Kimoja tunawekea viazi."
Fundi wa Zwolle alitaka moyo tu,
ile spika inayozunguka ndani ya sanduku
na kuitetemesha sauti kama maji ya sufuria;
yuro thelathini na tano, mzoga nibaki nao.
Jaa la manispaa wanataka nilipe mimi.
Hivyo hesabu imevuka sifuri, iko ng'ambo,
huko ambako urithi huitwa deni.

Usiku nikakifunua kigoda.
Zaburi. Miwani ya mkono mmoja.
Stakabadhi thelathini na sita, zimefungwa kwa uzi wa kushonea,
kila mwezi na mhuri wake,
kila mhuri siku kadhaa za kusimama kwenye mkanda wa kiwanda
akichambua maharage, la kopo huku, la nguruwe kule,
vidole vimekufa ganzi kwa maji baridi.
Vidole hivyohivyo Jumapili vilitupigia zaburi
taratibu mno: kati ya sauti na sauti
ungeweza kumenya yai.

Nikakiwasha. Kikaguna.
Vumbi likanuka joto, kama pasi.
Juu kulia, safu ya vitufe vya midundo:
walzi, machi, tango, rumba, bosanova.
Herufi zao za dhahabu zang'aa kama jana,
isipokuwa moja.

Rumba imefutika.
Plastiki imebonyea, imechukua umbo la kidole.

Shangazi?
Shangazi wa soksi ndefu hata Agosti,
aliyeifunika televisheni kwa kitambaa siku za Bwana?
Saa ngapi? Pazia zimefungwa?
Peke yako, au Wubbo aliegesha gari lake mtaa wa pili?

Nikabonyeza.
Vikaja vigoma vidogo, vya bati na pumzi,
tiki, tiki-pa, tiki, tiki-pa,
havichoki, havimsubiri mtu,
nami nimesimama na aproni yangu,
na nyonga moja, sijui nani aliituma,
ikajibu.

Asubuhi nikarekebisha tangazo.
Kasoro: fa ya chini haitoki. Paka amekwaruza.
Kitufe kimoja kimetumika sana.
Bei: gulda elfu sita na mia nane.
Taslimu.

Hakuna aliyepiga simu.
Kinanda kiko ukumbini mwangu.
Naenda jikoni kwa ubavu.