Sekunde Thelathini

Saa kumi na moja alfajiri, baridi ya kukata masikio,
nafungua studio kwa ufunguo uleule wa enzi
redio ilipokuwa mlingoti, betri mbili za lori
na mimi, Primitiva Choque, binti wa mchimba bati.

Tangazo moja, boliviano mbili.
Watu walileta vipande vya karatasi
vinavyonuka moshi na manyoya ya lama:
*Saturnino wa Chullpani, fahali wako yuko kwetu, njoo na kamba.*
*Mama Nieves, daktari kasema Alhamisi, si Jumatano.*
*Aliyeazima sufuria ya harusi anajijua.*
Nikisoma, uwanda mzima ulinyamaza,
na kabla jua halijapanda
sufuria ilikuwa mlangoni, imesuguliwa.

Siku hizi karatasi haziji.
Fahali akipotea, picha yake inafika kila simu
kabla yeye hajavuka korongo.
Wilmer, kijana wetu mwenye nywele kama ufagio,
aliondoa gramafoni akaweka kompyuta,
akanionyesha vitone vya kijani kwenye kioo.
“Kila kitone ni mtu. Huyu yuko Buenos Aires.
Hawa saba wako São Paulo.”
Na wa hapa Chullpani?
Akakuna kichwa. Wa hapa hawaonekani.
Mlingoti hauhesabu watu;
hutupa sauti kama mpanzi atupavyo mbegu,
haugeuki nyuma kutazama.

Sikupenda, nasema kweli.
Miaka ishirini na minane nimezungumza na giza
na giza halikuwahi kunitajia idadi.

Kisha mmoja wa wale saba akaandika.
Yovana, binti wa Leandra muuza jibini.
Anashona suruali za jinzi katika chumba cha chini ya ardhi,
mashine kumi na mbili zikinguruma,
na mimi nimo humo, katika sikio moja tu;
sikio la pili ni la msimamizi.
“Dada, soma tena bei ya viazi.
Sinunui. Nataka kusikia tu.”

Basi nikawa nasoma bei ya viazi mara mbili.

Leandra alikuja kila Jumapili kutuma salamu.
Simu hakuitaka:
“Simu ni siri. Mwanangu akisalimiwa,
asalimiwe mbele za watu.”
Nikimaliza kusoma, anauliza: “Imefika?”
“Bado,” Wilmer anamjibu,
“sauti ya mtandao huzunguka kwanza, sekunde thelathini.”
Naye huketi juu ya kreti la soda,
anahesabu kwa vidole vyenye chumvi ya jibini,
midomo ikicheza,
mpaka uso wote unamfunguka:
“Sasa.”

Jumanne hii karatasi ilikuja, ya kwanza tangu mavuno.
Mwandiko wa shemeji yake.
Boliviano mbili, bado na joto la kiganja.
Namba ya Yovana hana; binti hubadili kila mara.
Ningeweza kumwandikia mimi, kimyakimya, kabla.
Lakini yule mama alishasema: mbele za watu.

Nikatazama kioo. Vitone sita. Saba.
Wilmer akainua mkono.
Nikasoma jina kamili, kama ipasavyo,
Leandra Quispe, muuza jibini, usiku wa kuamkia leo,
na ng'ambo ya barabara mlango ukafunguka,
mtu akaanza kulia.

Kule chini, kwenye mashine,
Leandra alikuwa bado hai.
Alikuwa hai sekunde ishirini.
Alikuwa hai kumi, anauza jibini,
anagombana na mbwa wake mweupe.
Kipaza sauti kilikuwa wazi. Sikupiga muziki.
Nilihesabu kwa vidole juu ya meza
na kreti la soda lilikuwa tupu pembeni yangu.

Vitone vilibaki saba.
Nikavuta karatasi ya soko,
nikasoma bei ya viazi.
Nikairudia.